Siku Babu Alipopita kwa Baiskeli

Jirani yangu hapa Ilembo ni fundi baiskeli, na mke wake anauza dagaa. Mume anapaka grisi kwenye minyororo upande huu wa kibaraza, mke anaanika dagaa kwenye turubai upande ule, na jua likishapanda harufu hizo mbili zinakutana katikati na kuingia dirishani kwangu. Wapangaji wenzangu wanalalamika. Yuko mmoja anayefunga dirisha kwa kishindo makusudi, ili ujumbe ufike. Mimi langu nalifungua zaidi, kwa sababu babu yangu alinukia hivyo hivyo, grisi na dagaa, na hakuna sabuni iliyowahi kuitoa harufu ile kwenye koti lake.

Babu huyu, baba yake mama, alikuwa Msukuma aliyeshuka kutoka kaskazini na ng'ombe wake, kama Wasukuma wengi mnaowaona leo Katavi. Alifikia Magamba, akalima, akafuga, akazeeka kidogo. Kisha siku moja akawakabidhi wajomba zangu ng'ombe wote, akamchukua Bibi, akahamia Ikola kando ya Ziwa Tanganyika kuchuuza dagaa kwa baiskeli. Ukoo mzima ulipigwa na butwaa. Msukuma kuacha ng'ombe kwa hiari yake mwenyewe, tena akiwa na akili timamu, lilikuwa jambo la kuitia kikao, na kikao kiliitwa kweli. Babu alikisikiliza mpaka mwisho, akaaga, akapanda baiskeli yake.

Kila likizo nilipelekwa kwake. Nilikuwa mtoto wa kuuliza maswali mengi, na nashuku kwamba mama alinipeleka ili masikio yake yapumzike. Babu hakuchoka. Asubuhi alinipakia kwenye keria, juu ya viroba vitupu, tukaifuata njia ya ziwani kwenda kukusanya dagaa kwa akina mama wanaoanika. Njia yenyewe haikuwa moja. Ya juu ilipita katikati ya mihogo, udongo wake mgumu, na hiyo ndiyo ilikuwa ya baiskeli. Ya chini iliambaa na maji, mchanga mtupu, ukiingia na baiskeli unaisukuma mpaka ujute. Kati ya hizo mbili kulikuwa na vijia vya miguu visivyohesabika, vinavyokatiza kwenye michikichi na matete, na Babu alivijua vyote. Tukirudi alinishusha na kuniambia nipite chini, yeye apite juu, tuone nani atafika kwanza kwenye kijito. Mwanzo nilipotea na kutokea kwenye choo cha watu. Baadaye nikaanza kumshinda, na kila nikimshinda alishuka kwenye baiskeli na kuikagua tairi, kama kwamba kosa lilikuwa la tairi.

Rafiki yake mkubwa pale Ikola alikuwa mzee wa Kifipa anaitwa Kazumba. Wasukuma na Wafipa ni watani, na wale wawili walilichukulia jambo hilo kama ajira. Kazumba alikuwa hawezi kupita nyumbani bila kuuliza kwa sauti kubwa kama yule mchunga dagaa ameshawakamua leo. Babu naye alimjibu kwamba Mfipa ameteremka kutoka milimani, ameona ziwa, anadhani ni bwawa la kunyweshea mbuzi. Siku moja Kazumba alichukua jogoo wa Bibi mbele ya macho yetu, akamtia kwapani, akaondoka naye akiimba. Nililia nikitaka aitwe polisi. Bibi alicheka mpaka akakaa chini, akanieleza kwamba mtani akichukua kitu chako hujaibiwa, na kwamba wiki iliyopita Babu alikuwa amekula mbuzi wa mtu yule. Sikuelewa.

Nilikuwa na miaka minane simu ilipopigwa Magamba. Baba aliisikiliza akiwa amesimama uani, akaikata, akamwita mama ndani. Walikaa huko muda mrefu. Mama alipotoka alikuwa amebadilisha kanga na macho yake yamevimba. Nilimuuliza kuna nini.

"Babu yako anaumwa," alisema. "Vaa viatu, tunaenda kumwona."

Nyie mliokulia huku kwetu mnaijua lugha hiyo. Mtu hapewi taarifa ya msiba akiwa mbali. Anaambiwa fulani anaumwa kidogo, njoo umwone, ili asidondoke njiani. Akifika na kuona watu wamejaa uani, atajua mwenyewe. Ni huruma, na watu wazima wanaielewa. Mimi nilikuwa mtoto, na mama hakuwa mtu wa kunidanganya, kwa hiyo nilisafiri na mgonjwa kichwani. Njia nzima, tukirushwarushwa nyuma ya lori, nilipanga nitakavyomuuguza. Nilikuwa nimebeba chungwa.

Tulipofika, uani kweli kulikuwa na watu wengi, na akina mama walikuwa wanalia. Nilishaona msiba na nilijua unavyofanana. Lakini kabla sijasema neno nilishikwa mkono, nikavushwa uzio, nikaingizwa kwa jirani tulikowekwa watoto wote. Nilimuuliza mama mlangoni, "Babu yuko wapi?" Akasema, "Yuko ndani, mayu," akiniita mama kwa Kisukuma. "Kaa na wenzako." Akageuka haraka. Nikajipa moyo. Kama yuko ndani, basi yuko. Labda aliyekufa ni mtu mwingine, mgeni, mtu nisiyemjua. Nililishikilia wazo hilo usiku ule mpaka nikalala, na chungwa langu chini ya mto.

Sasa sikilizeni kilichotokea asubuhi yake.

Nilikuwa nyuma ya nyumba ya jirani napiga mswaki. Upande wa msibani kulikuwa kimya. Ghafla nikasikia kicheko. Si kicheko cha mtu mmoja, ni ua mzima ulikuwa unacheka, wanaume kwa wanawake, na katikati ya kicheko hicho nikaisikia sauti ya Bibi, ile ya kukaa chini. Halafu kengele ya baiskeli ikalia. Nilikimbilia kwenye uzio nikachungulia. Kati ya michikichi, akishika njia ya ziwani, nilimwona Babu kwa nyuma. Koti lake refu la kahawia. Kofia yake. Viroba vitupu kwenye keria. Alikuwa anaendesha vile anavyoendesha yeye, magoti nje, kama mtu aliyempanda ng'ombe.

Msinicheke. Jiwekeni mahali pangu. Niliambiwa anaumwa, na sasa nimemwona anakwenda kazini, na watu waliokuwa wakilia jana wanacheka. Nani anacheka msibani? Hesabu ilikuwa imekaa sawa kabisa. Babu alikuwa amepona. Nilipata furaha ambayo mpaka leo sijaipata tena. Niliutupa mswaki nikaruka uzio.

Yeye alikuwa amepita juu, mimi nikapita chini. Nilifika kwa Mama Zaituni, pale njia ya juu inapoteremka na kukutana na ya chini, nikitweta. Huyu ndiye aliyemuuzia Babu dagaa siku zote, na alikuwa amebaki peke yake pale ufukweni kuwalinda dagaa na kunguru, wenzake wote wakiwa wameenda msibani. Nilimuuliza kama amemwona Babu.

Mama Zaituni alicheka, akajifuta jicho kwa ncha ya mtandio. "Babu yako? Kapita hapa sasa hivi. Kanisalimia vizuri tu, kaniuliza kwa nini dagaa wangu wana mchanga."

Ndivyo alivyouliza kila siku. Nilimshukuru nikakimbia.

Mbele, chini ya kibanda cha makuti, fundi mitumbwi alikuwa anaziba nyufa za mtumbwi kwa pamba na lami. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, hakuwa anatoka pale. Kabla sijafungua kinywa alinyoosha kidole chenye lami kuelekea kwenye mawe.

"Mzee kaelekea kule. Kasema ana haraka, Wasukuma wenzake wanamsubiri." Naye akacheka, akatikisa kichwa na kuinamia kazi yake.

Watu wawili, wazima, wasiohusika na njozi zangu. Nilikuwa na uhakika sasa. Nilikikata kijia cha matete, kile kinachokwaruza, nikavuka kijito bila kutafuta gogo, nikapanda mawe kwa mikono na miguu. Kwenye jiwe moja nilikanyaga kitu chenye ncha na sikusikia maumivu. Niliwaza tu kwamba nitamshinda, na kwamba safari hii hatasingizia tairi.

Alikuwa amekaa juu ya mawe mwisho wa njia, amenipa mgongo, anatazama ziwa. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa. Sikuita. Nilimrukia kwa nyuma nikamkumbatia shingoni, nikafumba macho, nikauweka uso wangu kwenye koti. Lilinukia grisi na dagaa.

"Kabula," alisema, kwa sauti ya Babu, ile nzito inayotokea puani, "umenifikia kwa miguu?"

"Nimekushinda," nilisema.

Akacheka, akageuka, na chini ya kofia ya Babu kulikuwa na uso wa Kazumba.

Sijui niwaeleze vipi. Nimeshtuka mara nyingi tangu siku ile, nimewahi kukutana na chui njiani nikielekea shambani, lakini sijawahi tena kushtuka namna ile. Nilipiga kelele ambayo haikutoka. Nilirudi nyuma nikaanguka juu ya mawe. Kazumba bado alikuwa anacheka, alidhani na mimi nimo kwenye mchezo, na aliinua mkono kunipungia kama Babu. Halafu akaniona uso. Mkono wake ulibaki hewani.

"We mtoto," alisema kwa sauti yake mwenyewe. "Hawajakwambia?"

"Wamesema anaumwa."

Alitazama ziwani, akatazama njia tuliyotokea, kama mtu anayetafuta mkubwa mwingine wa kuibeba kazi hiyo. Hapakuwa na mtu. Akaivua kofia, akalivua koti, akavikunja na kuviweka pembeni juu ya jiwe, akabaki na shati lake lililotoboka kwapani. Akashuka akakaa chini, uso wake ukalingana na wangu.

"Kabula, sikiliza. Mimi ni Kazumba. Saa hizi sitanii. Babu yako amekufa. Amekufa juzi asubuhi, nyumbani kwake, na Bibi yako alikuwa naye. Yuko ndani, lakini hatatoka tena. Leo mchana tunamzika."

Nilimpiga. Nilimpiga kifuani na mabegani kwa ngumi zangu zote mbili, nikamwita mwizi, nikamwambia alivue na lile shati, na yeye alikaa akanipokea bila kuinua mkono. Nilipochoka nililia. Naye alikuwa analia, mdomo wazi, bila kujificha, na hilo nalo lilinishtua, maana sikujua kwamba mtu yule alikuwa na machozi.

Baadaye kidogo alinieleza. Mtani ndiye anayefanya kazi hiyo, alisema. Anavaa nguo za marehemu, anatembea kama yeye, anasema maneno yake, anapita kote alikokuwa anapita. Wenye msiba wakimwona lazima wacheke, hawawezi kujizuia, na wakishacheka wanaweza kula, maana Bibi yangu alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu juzi. Wote njiani walijua ni yeye. Walidhani na mimi najua. Kila mtu alidhani mwenzake ameshaniambia.

"Ningejua, nisingekujibu kwa sauti yake," alisema. "Hiyo nisamehe."

Sikumsamehe. Nilimwambia anirudishe.

Alininyanyua akanikalisha kwenye keria, akaniuliza kama ninataka kupita chini au juu. Nikasema juu. Alisukuma baiskeli taratibu badala ya kuipanda. Tulipokaribia nyumba alisimama, akalivaa tena koti na kofia. Nilimtazama kwa hasira. Alisema kwa upole kabisa kwamba kule ndani kazi yake bado haijaisha. Akapanda, akapiga kengele, tukaingia uani kwa mbio na magoti yake yako nje.

Watu walianza kucheka, wakaona uso wangu, wakaacha. Mama alisimama akaweka mikono kichwani. Alielewa mara moja, na alivyonikimbilia nilijua kwamba ni kweli, zaidi hata ya nilivyojua kule kwenye mawe. Na wakati huohuo Bibi aliinuka. Alikuwa amekaa kwenye mkeka tangu juzi, na mfiwa hainuki hovyo, anahudumiwa. Yeye aliinuka peke yake, akaingia jikoni kwa hatua za mtu mwenye shughuli zake, akatoka na beseni la maji ya moto yanayofuka mvuke. Alifika katikati ya ua akasimama nalo. Kazumba alikuwa ameshashuka kwenye baiskeli, na nilimwona anaivua kofia.

Bibi alilitazama beseni. Akamtazama Kazumba. Kisha akanitazama mimi, na miguu yangu iliyojaa tope na damu. Akaja, akalitua beseni, akanikalisha kwenye kigoda na kuanza kuninawisha miguu, kidole kwa kidole. Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti ambayo ua mzima uliifuata, na baadaye niliwasikia akina mama wakisema wamshukuru Mungu, afadhali ametoa, maana kucheka alikuwa amecheka lakini kulia alikuwa bado. Mimi nilikuwa namwambia asilie, kidonda hakiumi sana.

Mchana tulimzika Babu. Kazumba aliingia kaburini akalala humo, akagoma kutoka mpaka apewe kuku, akapewa. Mama alinishika mkono na kuniruhusu nitupe udongo na watu wazima. Baiskeli alitaka kuondoka nayo, wajomba wakamwomba, akaiachia baada ya kuwatukana kwa utani mpaka wakacheka wao pia. Chungwa lilibaki kwa jirani, sijui lililiwa na nani.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikisimulia habari hii, na nilipenda kuimalizia kwa Bibi. Niliwaambia watu: oneni upendo, siku ya kumzika mume wake, mwanamke yule aliinuka kwenye mkeka wa msiba kunichotea mimi maji ya moto. Niliisimulia kanisani mara moja, watu wakaguna kwa kuguswa. Ile njia ya chini siku hizi ziwa limeimeza sehemu kubwa, Mama Zaituni amehamishia chanja zake juu kwenye mihogo, na bodaboda zinafanya kazi ya Babu kwa nusu ya muda. Nimezoea kuikumbuka Ikola kwa yale maji.

Bibi anaishi na mama Magamba. Mwaka jana nilikuwa nimekaa naye tunamenya karanga za mbegu, na katika maongezi nikamshukuru. Nilimwambia sikuwahi kumshukuru kwa kuninawisha miguu siku ile, akiwa na uchungu wake.

Bibi aliendelea kumenya. Hakuonyesha kama anasema jambo kubwa.

"Yale maji sikukuwekea wewe," alisema. "Sikujua hata kama ulikuwa umetoka. Nilisikia baiskeli inarudi. Babu yako akirudi lazima aoge kwanza, vumbi la njia halimpi usingizi. Nikainuka nikamwekea."

Karanga zilibaki mkononi mwangu. Mimi nilikuwa mtoto, na nilikuwa nimefichwa. Yeye hakufichwa na mtu. Yeye ndiye aliyemfumba Babu macho. Asubuhi ileile alikuwa amemtazama Kazumba akivaa lile koti, amemfunga vifungo kwa mkono wake akicheka, na bado kengele ilipolia alikwenda jikoni.

"Nilifika nayo mpaka katikati ya ua," alisema, "ndiyo nikaona ni Kazumba."